TONE LA MAJI NA UTANDO WA PLASTIKI

1. Tone juu ya jani

Mvua ikiisha kunyesha, mtu apitaye kando ya shamba la magimbi huona jambo la kupendeza. Juu ya majani mapana yamebaki matone ya maji, mviringo na maangavu kama shanga za kioo. Upepo ukilitikisa jani, tone huteleza huku na huku, kisha huanguka chini, na mahali lilipokuwa hapana hata alama ya unyevu. Hali kadhalika bata atokapo majini hujikung'uta mara moja, na maji hayabaki mgongoni mwake. Lakini maji yale yale yakimwagwa juu ya kioo safi hutandaa, na yakimwagwa juu ya nguo ya pamba hunywewa papo hapo.

Basi maji hayakubadilika. Tofauti imo katika uso wa kitu kinachoguswa na maji. Viko vitu vipokeavyo maji, na viko vitu vikataavyo maji. Somo hili laeleza habari za kitu kimoja kikataacho maji, nacho ni ule utando mwembamba wa plastiki ambao watu wengi huuita nailoni, na ambao hufungiwa mkate, maziwa, sukari na mbegu. Laeleza pia jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba tabia ya utando haitokani na asili yake peke yake, bali hutokana pia na jinsi ulivyotengenezwa.

2. Kwa nini tone huwa mviringo

Maji yamefanyika kwa chembe ndogo mno ziitwazo molekuli. Molekuli hizo huvutana sana zenyewe kwa zenyewe. Molekuli iliyo katikati ya tone huvutwa na jirani zake pande zote kwa nguvu sawasawa, kwa hiyo haielekei upande wowote. Lakini ile iliyo usoni haina jirani wa maji juu yake. Huvutwa kando na ndani tu. Kwa sababu hiyo uso wa tone hukazana kama ngozi iliyowambwa juu ya ngoma, na tone hujikusanya likawa mviringo.

Tone likiwekwa juu ya kitu, shindano huanza. Maji yataka kujikusanya, na kile kitu nacho chayavuta. Kikivuta kwa nguvu, tone hushindwa na kutandaa. Kikivuta kwa udhaifu, tone hubaki limesimama. Mwaka 1805 Thomas Young, tabibu na mtaalamu wa Uingereza, alieleza kwamba shindano hilo hujulikana kwa pembe. Mtu akilitazama tone kwa ubavu, huona pembe pale ukingo wa maji unapokutana na kitu kilicho chini yake. Pembe hiyo hupimwa ndani ya maji. Ikiwa ndogo, kitu hicho chapokea maji. Ikizidi digrii 90, chakataa. Juu ya kioo kilichosafishwa sana pembe hukaribia kuwa 0. Juu ya plastiki iitwayo polithini hufika kama digrii 95 hadi 100, kwa hiyo tone husimama.

3. Asili ya polithini

Polithini ilipatikana bila kutazamiwa. Mwezi wa Machi mwaka 1933 wataalamu wawili, Reginald Gibson na Eric Fawcett, walikuwa wakifanya kazi Winnington, katika Uingereza, katika maabara ya kampuni ya Imperial Chemical Industries. Waliifungia gesi ya ethilini pamoja na kitu kingine katika chombo cha chuma, wakaitia joto na kuikandamiza kwa nguvu ipitayo mara elfu moja ya uzito wa hewa ituzungukayo. Walitumaini kwamba vitu hivyo viwili vitaungana. Havikuungana, lakini ndani ya chombo waliona kitu kigeni, cheupe, kilaini kama nta. Mwezi wa Desemba mwaka 1935 wenzao walifaulu kukipata tena kwa kiasi cha kuweza kukichunguza, na mwaka 1939 kiwanda kikaanza kukitengeneza. Katika vita vya 1939 hadi 1945 kilitumiwa kufunika nyaya za mitambo ya rada, kwa kuwa kiliuzuia umeme usivuje wala hakikunywa maji.

Kitu cha namna hii huitwa polima. Molekuli zake ni minyororo mirefu, kila mnyororo umefanyika kwa vipande vidogo vingi vilivyoungana kama shanga katika uzi. Mnyororo wa polithini una kaboni na hidrojeni tu, kama ulivyo mshumaa. Hauna mahali ambapo molekuli ya maji yaweza kushika.

Hapo ndipo ulipo wema wa polithini, na hapo ndipo ulipo ubaya wake. Huzuia mvua isiingie katika sukari. Lakini wino nao, ambao ni maji maji, haushiki juu yake. Watu wa kwanza waliojaribu kupiga chapa juu ya utando wa polithini waliona wino ukijikusanya kuwa matone, au ukikauka kisha ukibanduka kwa kidole. Hasara hiyo si ndogo. Herufi juu ya kifurushi humwambia mnunuzi uzito wa kitu, siku ya mwisho ya kukitumia, na kiasi cha dawa ya kunyunyizia mimea kitakachochanganywa na maji. Herufi zikifutika, kifurushi kimekuwa bubu, na mtu aweza kudhurika.

4. Utando unavyotengenezwa

Polithini huletwa kiwandani ikiwa punje ndogo, kama punje za mchele mnene. Punje hizo humiminwa katika bomba la chuma lililotiwa joto. Ndani ya bomba huzunguka parafujo kubwa inayozisukuma mbele huku zikiyeyuka. Mwishoni mwa bomba pana mdomo wenye mwanya wa duara. Plastiki iliyoyeyuka hutoka katika mwanya huo ikiwa kama bomba laini, na hewa hupulizwa ndani yake, hata ikavimba kama kibofu kirefu kinachopanda juu. Upepo baridi hupulizwa nje ili kibofu kipoe na kuwa kigumu kidogo. Kisha rola mbili hukibana kikawa bapa, na utando hukunjwa katika robota kubwa.

Mtu angedhani kwamba robota zote zilizotoka katika punje za namna moja zitakuwa na tabia moja. Sivyo. Yako mambo manne hasa yabadilishayo uso wa utando, nayo ni joto, kitu kiugusacho unapopoa, vitu vilivyochanganywa ndani yake, na umeme.

5. Joto, mguso na mchanganyiko

La kwanza ni joto. Plastiki ikitoka mdomoni kwa joto la kadiri, uso wake hubaki kama nta. Lakini ikitoka ikiwa na joto kali, karibu digrii 300, oksijeni iliyo hewani huungana na minyororo ya usoni kabla haijapoa. Oksijeni ina mvuto wa kushika maji. Kwa hiyo uso ulioungua kidogo hivi hushikamana na vitu vingine vizuri zaidi. Watengenezaji wa maboksi ya maziwa hulitumia jambo hili kusudi, humimina polithini yenye joto kali juu ya karatasi nene, ikaganda nayo.

La pili ni kile kitu kiugusacho utando wakati wa kuganda. Mfano ulio wazi hupatikana katika jelatini, itengenezwayo kwa ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo nayo ni polima. Jelatini ikiyeyushwa katika maji ya moto na kuachwa igande, upande uliotazama hewa hukataa maji, na upande ulioganda juu ya kioo hupokea maji. Ni chungu kimoja, lakini nyuso ni mbili. Sababu yake ni kwamba mnyororo wa jelatini una sehemu zipendazo maji na sehemu zisizoyapenda. Penye hewa, zile zisizopenda maji hugeuka nje. Penye kioo, zile zipendazo maji hukielekea kioo. Mambo huwa kama mtu anayemwelekezea uso rafiki yake, na kumpa kisogo asiyepatana naye. Kwa polithini safi jambo hili halina nguvu nyingi, kwa kuwa mnyororo wake ni wa namna moja tangu mwanzo hata mwisho. Lakini kwa polima zenye sehemu za namna mbili, ni jambo kubwa.

La tatu ni vitu vilivyochanganywa na punje. Tando mbili za polithini zikikutana hushikamana, na mfuko huwa mgumu kufungua. Kwa hiyo watengenezaji hutia namna ya mafuta kidogo ili tando ziteleze. Mafuta hayo hayaonekani siku ya kwanza. Hupanda polepole kutoka ndani, na baada ya siku kadhaa uso wote umefunikwa nayo. Na wino hauwezi kushika juu ya mafuta.

Viko pia vitu vitiwavyo kwa kusudi la kinyume, ili utando upokee maji. Katika mashamba ya maua ya Naivasha, katika Kenya, mimea hukuzwa ndani ya nyumba zilizoezekwa utando wa plastiki. Usiku mvuke hupoa chini ya utando na kugeuka maji. Utando ukiyakataa, maji hukaa katika matone; matone hayo hurudisha nje sehemu ya nuru ya asubuhi, tena huanguka juu ya majani na kuyaletea magonjwa ya ukungu. Kwa nyumba za namna hii viwanda hutengeneza tando zenye kitu kifananacho na sabuni, ambacho upande mmoja wa molekuli yake wapenda plastiki na upande wa pili wapenda maji. Hapo maji hutandaa kama kioo chembamba, yakateremka kwa mteremko wa paa hata ukingoni, wala hayadondoki juu ya mimea.

6. Umeme wa korona

Jambo la nne ni umeme, nalo ndilo lililoondoa taabu ya wapiga chapa. Mwaka 1951 mhandisi mmoja wa Denmark, Verner Eisby, aligundua njia ya kuupitisha utando katika umeme ili uso wake ushike wino. Njia hiyo yatumika viwandani mpaka leo, na huitwa njia ya korona.

Utando hupita juu ya rola, na juu yake huwekwa fito za chuma karibu sana, bila kuugusa. Fito hizo hutiwa umeme wa volti elfu nyingi. Hewa iliyo katika ule mwanya mdogo haiwezi kuustahimili umeme huo. Hung'aa kwa nuru ya zambarau, na hutoa harufu kali ya ozoni. Katika hewa hiyo iliyovunjika, minyororo ya usoni hukatika hapa na pale, na oksijeni huingia mahali palipokatika. Sasa uso una mahali pa kushika maji. Tone lililosimama kwa pembe ya digrii 95 hushuka hata kama digrii 60 au 70, na wino hutandaa ukashika.

Ajabu ni kwamba badiliko hili ni la juu juu mno. Utando wa kawaida huweza kuwa na unene wa sehemu 5 katika 100 za milimita. Kama unene huo ungegawanywa mara 5,000, sehemu iliyobadilika ingekuwa kama moja tu. Ndani, utando ni ule ule. Nguvu zake ni zile zile, na bado huzuia maji kupenya. Kilichobadilika ni uso peke yake, lakini uso ndio unaokutana na wino.

Kazi hii yataka kiasi. Utando ukipita mbio, au umeme ukiwa mdogo, uso haubadiliki vya kutosha. Umeme ukizidi, minyororo hukatika mno, na vipande vifupi hubaki usoni kama vumbi. Kwa macho utando huo waonekana umepokea maji vizuri sana; lakini wino hushika vumbi lile, si utando, na vumbi likiondoka wino huondoka nalo.

Kwa hiyo mfanyakazi hakubali kukisia. Ana kalamu zenye maji maji ya nguvu mbalimbali zilizoandikwa namba. Katika hesabu hiyo maji safi ni kama 72, na polithini isiyopitishwa katika umeme ni kama 31. Utando wa kupigwa chapa watakiwa kufika 38 au zaidi. Basi mfanyakazi huchora mstari kwa kalamu yenye namba 38 na kutazama kwa muda wa sekunde 2. Mstari ukikaa bila kukatika, utando wafaa. Ukijikusanya kuwa matone, haufai.

7. Utando husahau

Lakini kazi haiishii hapo. Robota likiwekwa ghalani juma baada ya juma, uso hurudi nyuma kidogo kidogo. Sehemu za minyororo zilizopata oksijeni hugeuka polepole zikaelekea ndani, na yale mafuta ya kutelezesha hupanda na kuufunika uso. Ghala likiwa la joto, mambo hayo huenda upesi zaidi. Robota lililofaa mwezi wa kwanza laweza kukataa wino mwezi wa nne, na mpiga chapa asiyelipima tena hupata hasara ya robota zima.

Kwa sababu hiyo wenye viwanda wamejifunza mambo mawili. La kwanza, utando hupitishwa katika umeme siku ile ile unapozaliwa, kabla mafuta hayajapanda. Kwa kuwa utando uliokwisha kukaa huhitaji umeme mwingi zaidi, na pengine haubadiliki vya kutosha. La pili, hupitishwa mara nyingine kidogo karibu na mashine ya kupiga chapa, ili kuurudishia kile ulichopoteza.

Wahenga walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Mithali hiyo ilisemwa zamani kabla ya kuwako plastiki, lakini mfanyakazi wa kiwanda aijua maana yake kila siku. Punje ni zile zile kwa wote. Moja hupata kuwa utando uandikwao maneno ya kusomeka, na nyingine hupata kuwa utando ambao maneno yake hufutika kwa kidole. Tofauti huanza katika saa ya kwanza ya kutengenezwa, na hulindwa kwa kupima na kurudia. Tena yafaa kukumbuka kwamba umeme uliozidi huharibu, kama vile umeme uliopungua usivyofaa kitu.

MAJARIBIO

Kioo kioshwe kwa sabuni, kisuuzwe sana kwa maji safi, na kikaushwe. Nusu yake isuguliwe kwa mshumaa. Tone moja la maji liwekwe upande uliosuguliwa, na jingine upande safi. Tone la tatu liwekwe juu ya kipande cha plastiki ya kufungia mkate. Matone yote yatazamwe kwa ubavu, na sura zake zichorwe. Kisha ncha ya kijiti iliyochovywa katika maji ya sabuni iguse tone lililo juu ya plastiki, na badiliko lake liandikwe.

MASWALI

1. Kwa nini tone la maji hujikusanya likawa mviringo?
2. Pembe ya tone yatufunza nini juu ya kitu kilicho chini yake?
3. Polithini yafanana na mshumaa kwa jambo gani?
4. Taja mambo manne yabadilishayo uso wa utando.
5. Kwa nini jelatini ya chungu kimoja huwa na nyuso mbili zisizofanana?
6. Kuna hasara gani umeme wa korona ukizidi, na hasara gani ukipungua?
7. Robota la utando limekaa katika ghala lenye joto kwa miezi mitatu. Mpiga chapa afanye nini kabla ya kulitumia, na kwa sababu gani?
8. Eleza maana ya mithali "Samaki mkunje angali mbichi," kwanza katika kazi ya kiwanda, kisha katika maisha ya mwanafunzi.